Ufunguo wa Chemchemi ya Mama Nakijwa

Mwenye kiu anywe kwanza, kisha asogee, maana hadithi yenyewe ni ya maji.

Juu milimani Upare, Mama Nakijwa alijaliwa chemchemi na watoto watatu. Sefania, kifungua mimba, alikuwa na mkono wa kupanda. Hata fimbo akiichomeka ardhini inachipua. Namkunda alikuwa na ulimi wa kuonja mchuzi na kukuambia umepikwa kwenye sufuria gani. Na Mbazi, kitinda mimba, alikuwa na maneno: angekuuzia maji mvua ikikunyeshea.

Walianza kuuza maji yake kwa chupa chache, mama akifunga vifuniko kwa mkono. Sasa wana mashine na gari, na mama amechoka. Marehemu mumewe aliacha agizo moja: ufunguo wa chemchemi hushikwa na mtu mmoja tu, na huyo ndiye mwenye kauli ya mwisho. Ampe nani?

Mwaka ule chemchemi ilipopungua, Sefania aling'oa tangawizi yake yote iliyoizunguka, shamba lililokuwa likimlisha, akapanda mikuyu.

"Utakula nini, mwanangu?" mama alimuuliza.

"Tangawizi nitanunua sokoni, mama. Chemchemi nitainunua wapi?"

Mikuyu ikashika, maji yakarudi. Mama alilia kwa furaha.

Lakini tangawizi iliyong'olewa Sefania aliirundika stoo, juu ya vifuniko vya chupa. Kosa la Wapare hilo! Nyumba nzima inanukia tangawizi tangu enzi za babu, nani angehisi kitu? Wateja wa mjini ndio walioanza kurudisha chupa, wakilalamika kwamba maji yana ladha ngeni. Mashine ikaoshwa, bomba likabadilishwa, wapi! Biashara ilikuwa inakufa. Ndipo Namkunda akachukua kifuniko kikavu, akakilamba.

"Si maji, mama. Ni vifuniko. Kaka, ni tangawizi yako."

Sefania akainamisha kichwa. Vifuniko vikatupwa vyote.

Kosa likajulikana, ila wateja walikwisha kuhama. Mbazi akapakia chupa mpya akashuka mjini Same, duka kwa duka, mgahawa kwa mgahawa, wala hakuficha kitu.

"Shikamoo, mama. Tuliharibu wenyewe, tuliweka vifuniko na tangawizi. Onja haya. Ukisikia tangawizi tena, nifukuze."

Watu wakacheka, wakaonja, wakarudi. Hata wasiowahi kununua walikuja, kwa kusikia kisa tu.

Basi siku ya kukabidhi ufunguo ikafika.

"Ahsanteni, wanangu," mama alisema. "Sijui nimshukuru Mungu kwa lipi niache lipi."

"Mpe Namkunda," Sefania alisema. "Mimi ndiye niliyeharibu."

"Bila mikuyu yako ningeonja nini, kaka?"

"Mkishindwana, mimi nipo," Mbazi alidakia, na wote wakacheka.

Mama naye alicheka, lakini moyo ulimuuma. Atakayeupata ufunguo, kuanzia kesho wenzake watamwomba ruhusa hata ya kufungua mlango. Na wote watatu walimwokolea chemchemi ileile.

Basi mama amesimama, mkono ameunyoosha, watoto wanamtazama. Ninyi mlionisikiliza, na wewe uliyekaa kimya huko nyuma: ungekuwa wewe Mama Nakijwa, ufunguo ungempa nani?