Dakika Ishirini za Kushuka

"Gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia." Mmemsikia babu yenu akimwambia hivyo kaka yenu Elifuraha, barua yake ya kupandishwa cheo ilipokwisha kusomwa, nanyi mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na mimi shangazi yenu nilikuwa nimeketi kiti cha nyuma.

Mwaka niliohitimu masomo Austria, baba, huyo huyo babu yenu, na mama walitoka Same kuja kwenye mahafali. Baba alitaka tukodi gari, tuvuke milima ya Alpi kwa siku tatu. Wiki nzima aliinamia ramani, akaandika tutasimama wapi kupiga picha, tutakula wapi, kila mlima tutaupanda kwa muda gani. Kushuka kwa mlima mkubwa kuliko yote alikuandikia mstari mmoja tu: dakika ishirini.

Kupanda kulikwenda vizuri. Baba aliuogopa ule mlima, na woga ukampa uangalifu. Gia ya pili, mikono yote miwili kwenye usukani, hakuna mazungumzo. Kileleni tulipiga picha kwenye theluji, tukanywa chai, muda ukatupita. Tulipoanza kushuka alikuwa mtu mwingine: gia ya nne, hadithi mfululizo, breki kila kona.

Kwenye kona ya saba au ya nane nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Baba akakatiza hadithi yake. Kila alipokanyaga breki, mguu ulizama zaidi. Upande wa mama palikuwa na ukuta mfupi wa mawe, kisha bonde tupu. Mbele yetu basi lilikuwa likipanda, limechukua karibu kona nzima.

"Breki zinaniacha," baba akasema kwa sauti ndogo.

Mama hajawahi kushika usukani. Lakini marehemu baba yake aliendesha lori la tangawizi kutoka milimani Mamba, na yeye alikuwa akisafiri naye tangu utotoni.

"Baba Nakiete," akamwita kwa jina langu, "ulipandia gia gani?"

"Ya pili."

"Irudishe hiyo hiyo. Anza na ya tatu."

"Injini itakufa."

"Heri ife injini."

Akaingiza ya tatu. Gari likanguruma, mikanda ikatubana vifua. Akaingiza ya pili. Mwendo ukapungua, lakini basi lilikuwa limeshatufikia. Kioo cha upande wa baba kikagonga ubavu wa basi, kikang'oka. Baada ya kona palikuwa na kiwanja cha kokoto. Baba akaingia hapo, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo mpaka tukasimama. Magurudumu yalikuwa yakitoa moshi. Vidole vya baba havikuachia usukani. Mama alivibandua kimoja kimoja.

Tulingoja breki zipoe, tukashuka kwa gia ya pili hadi chini.

Waliporudi Same, watu walimuuliza baba habari za theluji. Yeye aliwasimulia swali la mama. Wakalichukua, wakaligeuza methali, wakawa wanaambiana harusini, kazini, hata shambani.

Elifuraha amepanda miaka kumi na moja, akisalimia kila mlinzi, akisoma kila karatasi kabla ya kutia saini. Kupanda kwake hakujampa babu yenu wasiwasi hata siku moja. Leo ndiyo amemwona yuko kileleni, anacheka, kila mtu anampongeza. Ndiyo maana alimshika mkono asiuachie, akamwambia: gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia.