Shali ya Natanel

Sogeeni, aliye nyuma aje mbele. Leo sikuleta hadithi ya kuwalaza. Nimeleta kesi, na mahakimu wake ni nyinyi.

Palikuwa na vijana watatu, Elkana, Asmare na Gadi, wakisoma chuo kimoja katika mji mdogo wa milimani, huko Galilaya, katika nchi ya Wayahudi. Chuo kile kilikuwa na desturi yake. Mwanafunzi alisoma kwa muda Torati na Talmudi, ile bahari ya mijadala ya wazee wao juu ya sheria, kisha akavua shati jeupe, akavaa magwanda ya jeshi na kwenda kulinda mpaka. Zamu yake ikiisha, alirudi kwenye benchi lake, akafungua kitabu pale alipokiacha.

Elkana alijaliwa kuuliza. Aliuliza mpaka wenzake wakamwomba awape nafasi ya kula. Asmare, ambaye wazazi wake walitoka milima ya Uhabeshi, alijaliwa kukumbuka. Ukurasa akiusoma mara mbili, basi anao. Gadi hakuwa na makubwa kitabuni. Akifungua Talmudi, usingizi ulimjia kama mgeni aliyealikwa. Lakini alijaliwa bega. Mwenzake akielemewa, Gadi aliingia chini ya mzigo bila kuombwa, na hakuutaja tena.

Mwalimu wao aliitwa Rabi Shmaya, mzee wa Kiyahudi ambaye wazee wake walitoka Yemeni. Mkewe aliitwa Bi Zohara. Na kesi hii, msikilize vizuri, iliangukia mikononi mwa Bi Zohara.

Wawili hao walikuwa wamezaa mtoto mmoja tu, Natanel. Naye alisoma chuo hichohicho, akivaa shati jeupe na magwanda kwa zamu. Kila aliporudi nyumbani alisoma na baba yake sebuleni, wakiinama juu ya kitabu kimoja hadi paji la huyu likagusa paji la yule. Walikuwa katika ule mlango wa Talmudi unaohusu vitu vilivyopotea. Mtu akiokota kitu cha mwenzake, lini kingali cha mwenyewe, na lini kimekuwa cha aliyekiokota? Wazee walijibu kwamba mara nyingi jambo hutegemea tamaa: mwenyewe akishakata tamaa, kitu kimemtoka.

Siku moja, gari la jeshi likimsubiri nje, Natanel aliweka kidole juu ya mstari akauliza, "Baba, na mwenyewe asipokata tamaa? Akikitazamia maisha yake yote?"

"Swali hilo lina kina," Rabi akasema. "Nenda. Ukirudi tutalikalia."

Natanel hakurudi. Jeshi lilileta mwili wake na begi lake, na ndani ya begi mlikuwa na shali yake ya sala, nyeupe, yenye matamvua kwenye pembe zake nne.

Tangu siku ile Rabi Shmaya alifundisha milango yote ya sheria, isipokuwa huo. Ilipofika zamu yake, alimpa mwalimu mwingine. Kitabu chenyewe kilibaki rafuni, Bi Zohara akikipangusa vumbi kila Ijumaa bila kukifungua. Shali aliiweka katika sanduku la nguo. Mwanzoni ilikuwa na harufu ya mwanawe. Baadaye ilikuwa na harufu ya sanduku, lakini hakuacha kuinusa.

Miaka ikapita. Mchana mmoja wa Sabato wale vijana watatu walikuwa wageni sebuleni kwa Rabi. Bi Zohara alikuwa jikoni akipakua uwatu, kitoweleo cha Kiyemeni, aliokuwa ameupiga kwa mwiko tangu jana hata ukatoa povu. Akamsikia Elkana akisema:

"Mwalimu, nimekuwa nikijisomea mlango wa vitu vilivyopotea. Kuna jambo linanisumbua. Mwenyewe asipokata tamaa maisha yake yote, inakuwaje?"

Sahani ikamponyoka Bi Zohara. Hakuna aliyekuwa amemsimulia kijana yule habari zozote.

Rabi aliinuka, akatoka uani, akasimama akiutazama ukuta. Bi Zohara akamfuata.

"Baba Natanel."

"Umesikia, Mama Natanel?"

"Nimesikia."

"Wakati ule sikumjibu," alisema. "Nilifikiri tuna muda."

Akarudi ndani, akamwambia Elkana, ambaye alikuwa amepauka kwa hofu asijue kosa lake, "Njoo kesho asubuhi. Tutaanzia mwanzo."

Hivyo Elkana ndiye aliyekifungua kitabu. Kila asubuhi alikuja, na zamu yake ya jeshi ilipofika, kila likizo alikuja na viatu vyake vya vumbi kabla hata ya kwenda kwao. Alibishana na mzee, mzee naye akabishana, na nyumba ikarudiwa na ile sauti ya kusoma kwa kuimba ambayo Bi Zohara alidhani hataisikia tena. Aliufunga mlango wa jikoni makusudi. Hakutaka kuona ni nani aliyeketi na mumewe. Alitaka kusikia sauti mbili tu, ya mzee na ya kijana, huku mikono yake imo kwenye unga, na kwa muda huo asijue kijana huyo ni nani.

Kisha vita vikazuka kwenye mpaka wa kaskazini. Vijana wote watatu waliitwa, wakawekwa katika kifaru kimoja cha jeshi, na Gadi akawa dereva. Rabi Shmaya naye moyo ukaanza kumsumbua. Alipanda ngazi moja akapumzika, akapanda nyingine akapumzika.

Asubuhi moja kombora lilianguka karibu na kifaru wakati Elkana amesimama nje. Uhai ulibaki, lakini masikio yake yote mawili yalizibika, na mguu ukavunjika. Kufikia siku hiyo yeye na Rabi walikuwa wamesoma nusu ya mlango, wakiuelekea ule ukurasa wa Natanel. Habari ilipofika, Rabi alikifunga kitabu, akakifunika kwa kitambaa, akajilaza kitandani na kugeukia ukutani.

"Ukurasa ule unakula vijana," alisema.

"Kijana yu hai," Bi Zohara akamwambia.

Lakini mzee hakugeuka.

Asmare alikwenda hospitalini kumtazama mwenzake. Elkana hakuweza kusikia neno, hivyo alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiojisikia, wodi nzima ikasikia: "Mimi niache. Nenda kwa mzee. Huyo alishaachwa katikati ya ukurasa mara moja."

Asmare alirudi mpakani. Muda wake wa kupumzika akautumia kuhifadhi, ukurasa baada ya ukurasa, ameegemea chuma cha kifaru. Ijumaa, walipopewa ruhusa ya kupiga simu kabla ya Sabato kuingia, hakumpigia mtu mwingine. Alimpigia Rabi.

"Mwambie nimechoka," Rabi akamwambia mkewe.

Bi Zohara hakumwambia hivyo. Aliiweka simu juu ya mto, karibu na sikio la mumewe, akaondoka. Asmare alianza kusoma kwa kichwa, kwa ile sauti yake nyembamba. Mstari, mstari, mstari. Kisha akakosea neno.

"Sivyo!" Rabi akasema, na alikuwa ameketi.

Mpaka leo Bi Zohara hajui kama Asmare alikosea kweli. Kijana mwenye kumbukumbu ile. Lakini tangu Ijumaa ile wakaendelea, na kila Asmare alipopata likizo alikuja mwenyewe, akaketi palepale alipoketi Elkana, na palepale alipoketi mwingine kabla ya Elkana.

Walikuwa wamebakiza kidogo tu kuumaliza mlango wakati daktari alipomwita Bi Zohara pembeni. Hakumficha. Alimwambia mzee hana wiki nyingine. Bi Zohara akapiga simu kambini, na alipompata Gadi alisema tu, "Mwanangu, mwambie Asmare, kama anaweza, aje sasa."

Sasa msikilizeni Gadi. Mke wake, Tehila, alikuwa amejifungua siku chache nyuma mtoto wa kiume, wa kwanza. Kwa Wayahudi mtoto hutahiriwa siku ya nane, na ndiyo siku anayopewa jina, na baba ndiye anayemleta katika agano. Vita vilikuwa vimepamba moto, na kamanda alikuwa ameweka sharti: katika kila kifaru mtu mmoja tu aondoke kwa wakati mmoja. Likizo ilikuwa ya Gadi. Begi lake lilikuwa limeshafungwa.

Gadi akamwita Asmare. "Nenda wewe. Mzee anakufa."

"Na tohara ya mwanao?"

"Mwanangu ana miaka mingi ya kuniona. Mzee hana."

"Tuko vitani, Gadi. Usiseme maneno kama hayo."

Gadi alimtazama kidogo, kisha akamvika begi lake mwenyewe begani, likiwa na zile biskuti alizomnunulia mkewe. "Nimeshasema. Nenda kabla sijabadili mawazo."

Akarudi kuingia katika kifaru. Asmare alipogeuka njiani hakuona kitu ila tundu la dereva, na mkono wa Gadi juu ya ukingo wake. Siku ya tohara, babu ndiye aliyempakata mtoto. Jina la mwanawe, Gadi alilisikia baadaye tu, kwa mdomo wa mtu mwingine.

Asmare alimkuta Rabi amelala juu ya mito. Wakasoma mchana wote. Walipofika kwenye mstari ule, Rabi mwenyewe aliweka kidole juu yake.

"Hapa mwanangu aliniuliza swali," alisema, "na Elkana akaniuliza tena. Mama Natanel, njoo usikie. Sheria inajua kuamua kitu kilichopotea ni cha nani. Haijui kumzuia mtu asikitamani. Haikupewa kazi hiyo, wala haimlaumu."

Bi Zohara alisimama mlangoni, akajikausha mikono ambayo haikuwa na maji.

Wakaendelea. Mstari wa mwisho waliusoma pamoja, mzee akinong'ona na Asmare akipaza, na kabla jioni haijaingia, mlango ukawa umekwisha. Rabi alicheka kidogo, kicheko ambacho mkewe alikuwa amekisahau. Asmare alipotoka kwenda kumchotea maji, mzee akamshika mkewe mkono.

"Ile shali ya Natanel," alisema. "Mpe yule aliyeumaliza nami mlango huu. Ajitande, asimame mahali pa mwanangu, anisomee sala ya wafiwa. Mmoja tu. Nilikuwa na mwana mmoja."

"Nani, Baba Natanel?"

Lakini alikuwa ameshafumba macho, na Asmare aliporudi na maji, hapakuwa na wa kuyanywa.

Walimzika kesho yake, kwa haraka, kama desturi yao ilivyo. Asubuhi iliyofuata wanaume walikusanyika sebuleni kwa sala, vioo vimefunikwa kwa desturi ya msiba, Bi Zohara ameketi juu ya kigoda cha wafiwa na shali mapajani. Elkana alikuja kwa magongo, akisikia kidogo kwa sikio moja. Asmare alikuwapo. Kamanda alilegeza sharti lake kwa ajili ya msiba, Gadi naye akapewa ruhusa ya mazishi, akaja na Tehila na mtoto mgongoni kwa mamaye. Bi Zohara akawaeleza wosia, akimgeukia Elkana ili auone mdomo wake.

"Nisaidieni," aliwaambia. "Alimsema nani?"

Hawakuvutana wala kutupiana heshima ya uongo. Kila mmoja alimpenda mzee, na kila mmoja aliitaka shali.

Elkana alisema, "Mama, kitabu kilikuwa kimefungwa tangu mimi sijaota ndevu. Mimi ndiye niliyemfungulia. Swali la Natanel lilitoka tena kinywani mwangu, na nusu ya mlango ule niliusoma mimi. Nisingeumia, ningeumaliza."

Asmare alikitazama kiganja chake. Kisha akasema, "Mzee alisema aliyeumaliza naye. Mstari wa mwisho tuliusoma wawili, naye alikuwa amenishika kiganja. Alishakifunga kitabu, mama. Mimi nilimrudisha."

Gadi alitazama chini. "Mimi sikusoma naye hata neno. Siwezi kusema vinginevyo. Lakini siku ile ya mwisho ilikuwa siku yangu. Niliitoa, na hairudi. Nikiulizwa kama naitaka shali, naitaka."

Tehila akasogea karibu na mumewe. Alimshusha mtoto mgongoni, akampa babaye.

Bi Zohara akawatazama. Katika paji la Elkana aliona ile namna ya Natanel ya kukunja ndita kabla ya kuuliza. Katika sauti ya Asmare alisikia ule wimbo wa kusoma. Katika mikono ya Gadi, iliyomshika mtoto kama kitu cha kioo, aliona baba kijana, jambo ambalo Natanel hakupata kuwa. Akaikunjua shali. Na niwaambie ukweli, kwa muda alitamani asimpe yeyote, aikunje tena, airudishe sandukuni, aendelee kuinusa mpaka siku yake. Lakini sala ilikuwa inasubiri, wanaume wamesimama wameelekea Yerusalemu, na nafasi ya mwana iko wazi mbele yao.

Akainuka kwenye kigoda, shali imetandazwa juu ya mikono yake miwili, akapiga hatua kuwaelekea.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Yuko aliyekifungua kitabu, yuko aliyeusoma mstari wa mwisho, na yuko aliyetoa siku isiyorudi. Shali ni moja, na haikatwi. Haya, mahakimu. Ingekuwa ni mikono yenu iliyoibeba, mngemtanda nani mabegani?