Matone Arobaini ya Chai ya Mkumbushi

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kama watu waliofunga siku tatu. Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Nilipita, nikawakuta wanakunywa.

— Wakakukaribisha?

Walinikaribisha, nikakataa. Ndiyo maana niko hapa nawasimulia.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na kijiji mlimani, kando ya msitu. Ukungu wa huko si kama huu wenu wa alfajiri. Ulishuka saa sita mchana, jua likiwa utosini, na mtu akinyoosha mkono hauoni mwisho wake. Watu wakiuona waliita watoto ndani, wakarudishia milango.

Hapo kijijini aliishi mwanamke, jina lake Semeni, na mumewe, Mhina. Walikaa miaka tisa bila mtoto. Wakatembea kwa waganga, wakachoka. Wakaomba, wakachoka. Wakanyamaza. Mwaka wa kumi akazaliwa binti, wakamwita Sikudhani, kwa sababu kweli hawakudhani. Semeni alimpenda yule mtoto mpaka majirani wakamcheka.

Sasa sikilizeni habari ya chai. Msituni kulikuwa na kichaka kinaitwa mkumbushi. Mzizi wake mweusi, unene wa kidole gumba. Chai yake inanuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na ni chungu, inakunja uso. Ukinywa kikombe kimoja, kile kidogo cha kahawa, ulimi unakufa ganzi, mwili unalegea, kisha unamsikia marehemu wako. Mnazungumza. Ganzi ikiisha, yeye anakwenda zake, nawe unarudi kwako moyo mwepesi.

Mama yake Semeni ndiye aliyekuwa akiipika. Alipoona siku zake zimekaribia, alimwita binti yake, akamwambia:

"Mwanangu, chimba kipande cha kidole, kisha ufukie shimo. Osha mara tatu. Weka motoni, ifuke tu, isichemke. Mtu mmoja, kikombe kimoja, mpaka mwezi mwingine uandame. Anywe amekaa, na mwenzake awe karibu wa kumwangalia. Asishike panga wala jembe mpaka kesho yake. Mgonjwa wa moyo, mnyime. Mwenye mimba, mnyime. Na anayenyonyesha, mwanangu, huyo mnyime hata akikupigia magoti."

"Nimesikia, mama."

Mama akafa. Semeni akarithi chungu.

Na alikuwa mkali, msimwone hivi! Siku moja alikuja Bi Tunu, mjane wa marehemu Mbelwa, yule mzee mgomvi ambaye maisha yake yote alimkaripia mkewe kwa neno moja tu: "Chai imepoa!" Bi Tunu akanywa kikombe chake, akaongea na mumewe, wakagombana kidogo kama kawaida yao, akafurahi. Akasema:

"Mwanangu Semeni, niongeze kidogo. Hatujamaliza."

"La, bibi. Mpaka mwezi uandame."

"Nusu kikombe."

"Hata nusu."

"Mtoto mgumu wewe! Nilikubeba mgongoni!"

"Ulinibeba, bibi, na mimi sasa nakuchunga. Shikamoo, nenda ukapumzike."

Mmeona? Hapo hana kosa. Kosa liko kwingine, na limetokana na adabu yenyewe. Huko kwao, kama kwetu, mwenye nyumba hampi mgeni kinywaji mpaka aonje yeye kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Basi kila kikombe kilichotoka, Semeni alikiinua, akagusa kwa ulimi, tone moja tu, ndipo akampa mgeni kwa mikono miwili.

Mhina alimwuliza, "Mama Siku, wewe si unanyonyesha?"

Akajibu, "Kwani nakunywa? Naonja. Hata Ramadhani mpishi anaonja mchuzi kwa ncha ya ulimi, na saumu yake iko palepale."

Eeh! Kajibu kama mwanachuoni! Lakini mpishi wa Ramadhani akishaonja anafanyaje?

— Anatema!

Na Semeni alitema?

— Alimeza!

Alimeza. Akaja mgeni wa pili. Alitema?

— Alimeza!

Akaja wa kumi, akaja wa ishirini, wakaja mpaka arobaini. Alitema?

— Alimeza!

Na kila aliporudi ndani, alifanya nini? Alimpakata Sikudhani, akamnyonyesha.

Siku ya kwanza baada ya mgeni wa arobaini, mtoto akaanza kucheka na kona. Miezi saba tu, amelala chali mkekani, anaitazama kona ya nyumba, anacheka. Semeni akaangalia. Kona tupu. Akasema, watoto ndivyo walivyo.

Siku ya pili mtoto akaipa kona mikono yote miwili, kama mtoto anayetaka kubebwa. Akaomba, akaomba, kisha akatulia kama aliyebebwa. Semeni akamnyanyua upesi. Miguu ya mtoto ilikuwa ya baridi. Akamfunika kanga mbili, nje jua linawaka.

Siku ya tatu ukungu ukashuka. Semeni amekaa, mtoto yuko mapajani. Mtoto akaliachia ziwa. Akamtazama mama yake usoni, akafungua kinywa kile kisicho na jino, akasema kwa sauti nzito ya mzee:

"Chai imepoa."

We Chuma, acha kutafuna. Nasikia meno yako mpaka huku.

Semeni akamwinua mtoto mbali na kifua chake. Ile sauti aliijua. Ilikuwa sauti ya marehemu Mbelwa. Na nyuma yake, ndani ya kile kifua kidogo, akasikia wengine wanakohoa, wananong'ona, wanasukumana kama watu kwenye mlango mwembamba.

"Mnataka nini kwa mwanangu?" akauliza.

"Ulituonja, ukatukaribisha," wakasema. "Hapa pana joto na maziwa. Tukishiba tutaondoka, na mwenyeji wetu huyu mdogo tutakwenda naye."

Mhina aliporudi shambani alimkuta mkewe amekaa sakafuni.

"Ni maziwa yangu," akamwambia. "Nimewaingiza mimi, tone kwa tone. Baba Siku, nimemwua mwanetu kwa ulimi wangu."

"Hajafa," akasema Mhina. "Chai si ina mwisho wake? Ganzi ikiisha si wanaondoka?"

"Wanaondoka."

"Basi usiwaongeze."

Yule mwanamume hakuwa msemaji, lakini siku hiyo alisema la maana. Semeni akakivunja chungu. Mhina akakopa mbuzi mwenye maziwa kwa jirani. Wakakubaliana: mtoto asiguse ziwa la mama yake mpaka mwezi mwingine uandame.

Kusema ni rahisi! Adhuhuri ya kwanza ukungu ukashuka. Mtoto akamsukuma Mhina na kijiko chake, maziwa ya mbuzi yakamwagika. Akanguruma kwa sauti ya Mbelwa:

"We binti! Leta ziwa! Usiponipa namziba pumzi huyu!"

Midomo ya mtoto ikaanza kubadilika rangi. Semeni moyo ukampasuka, mkono ukaenda kwenye kanga. Kisha akajikaza, akasema, "Mzee Mbelwa, mkeo alikuvumilia miaka arobaini. Mimi hata siku moja sikuvumilii. Toka!" Mzee akatukana, akatukana, sauti ikafifia. Mtoto akavuta pumzi.

Adhuhuri ya pili ilikuja sauti ya mwanamke, laini, tamu, hawakumjua ni wa nani. "Mwenzangu, na mimi nilikuwa mama. Nionee huruma. Kidogo tu, mwenzangu, kiasi cha kulowesha ulimi." Mhina mwenyewe machozi yalimtoka. Semeni akasema, "Nakuonea huruma. Ziwa sikupi." Mwanamke akalia, akalia, akanyamaza.

Adhuhuri ya tatu mtoto alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Ukungu ukapita chini ya mlango, ukajaa chumbani. Mtoto akafungua kinywa.

"Semeni."

Semeni akaanguka magoti.

"Semeni, mwanangu. Ni mimi."

Alikuwa mama yake. Si mwingine aliyejifanya, msije mkadhani hivyo. Alikuwa mama yake kweli, na sauti yake ya kweli, na kile kikohozi chake.

"Mama! Nimekutamani, mama."

"Na mimi. Huku ni baridi, mwanangu. Wamekwenda wote, nimebaki peke yangu. Nionjeshe tone moja tu, nikae na wewe."

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha. Anayenyonyesha, mnyime."

"Nilikufundisha nikiwa hai. Wakati huo sikujua baridi."

Hapo Semeni alilia, jamani, alilia mpaka Mhina akatoka nje asimwone. Maziwa yalikuwa yamemjaa, yanatoka yenyewe, yamelowesha kanga. Mtoto kashamshika nguo, anavuta kwa vidole vile vidogo. Semeni akavitoa vidole kimoja kimoja.

"Nenda, mama," akasema. "Nakupenda. Nenda."

"Unanifukuza?"

"Nakufukuza."

Kikohozi kikasikika, kikasogea mbali. Kisha kimya. Ukungu ukatoka kama ulivyoingia. Semeni akashika miguu ya mtoto: ina joto.

Na Sikudhani akalia. Kilio cha mtoto wa miezi saba mwenye njaa, kilio chake mwenyewe, anamlilia mama yake, anataka ziwa. Semeni alikuwa hajawahi kusikia kitu kitamu namna ile. Na hakuweza kumpa. Maziwa bado yalikuwa na yale matone ya chai. Akamwita Mhina ndani, akamkabidhi mtoto na kijiko cha maziwa ya mbuzi, akatoka uani, akachuchumaa, akajikamua mwenyewe udongoni, huku mtoto anamlilia ndani. Anakamua, analia, anacheka, anakamua.

Udongo ukanywa maziwa yote. Ukakauka pale pale.

Na chini, chini kabisa, mtu akakohoa, akasema, "Ahsante, mwanangu."

Hadithi yangu imeishia hapo, kikombe nimekifunika. Hesabaneni mlangoni: mlivyoingia ndivyo mtoke. Akizidi mmoja, msiniite mimi.