Nusu Neno la Mwalimu Tusajigwe

Hapo zamani, na wala si zamani ya mababu, ni ya juzi tu, alikuwapo mwalimu wa hesabu aitwaye Tusajigwe. Kwao Tukuyu. Alifundisha sekondari miaka sita, watoto sabini katika chumba kimoja, na hakuna aliyesinzia kwenye kipindi chake. Siri yake ninyi mliosoma kwetu mnaijua: hakuwa akimaliza neno. Alisema, "Kumi na sita gawanya kwa mbili ni na…?" Darasa likaitikia, "…ne!" Alisema, "Na hiki kinaitwa wa…?" Likaitikia, "…stani!" Mnacheka nini? Nanyi mlikuwa mnaitikia hivyo hivyo, tena kwa kelele.

Basi Tusajigwe akapata nafasi ya kusoma takwimu katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, huko katikati ya nchi kwenye mashamba ya mahindi na upepo usiokoma. Chuo kilimsomesha kwa sharti kwamba awafundishe wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Na juu ya sharti, sharti jingine: kila mgeni ahudhurie kwanza mafunzo ya ualimu, kisha afundishe somo la majaribio la dakika kumi mbele ya wasahihishaji watatu. Ukifeli, unarudia mara moja. Ukifeli tena, hakuna kufundisha. Hakuna kufundisha, hakuna kusoma. Hakuna kusoma, beba begi urudi kwenu. Na kwao alikuwa ameshaacha kazi, na ng'ombe wa kumuaga alishachinjwa na kuliwa. Mtu anarudije hapo?

Mkufunzi wao alikuwa mama wa makamo, Bi Lorraine, mwenye bidii na asiyependelea mtu. Siku ya jaribio alikaa mbele na wenzake wawili. Nyuma yao walikaa watu tisa wa kujitolea, waliokuja kuwa wanafunzi wa kuigiza. Tusajigwe akasimama ubaoni. (Wenyewe walisema Kiingereza, mimi nawasimulia kwa lugha yetu, msinikamate.) Akachora, akageuka, akauliza, "Na hiki tunakiita wa…?"

Kimya.

"Wa…?"

Kimya. Mmoja akatazama dirishani. Mwingine akamtazama kwa huruma. Mara tano Tusajigwe aliacha neno nusu, mara tano watu wakamkodolea macho, na dakika kumi zikaisha. Bi Lorraine akaandika: Hesabu anazijua. Maneno yanampotea katikati ya sentensi. Amefeli.

Yanampotea! Tusajigwe aliisoma karatasi ile, akaikunja, akaikunjua, akatoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Hakuweza kukaa. Akampigia mama yake, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jaribio vipi?"

"Tunaendelea, mama."

"Tunaendelea ndiyo nini? Umepita au hukupita?"

"Mtandao unakatika, mama," alisema, na mtandao ulikuwa mzima kabisa. Akakata simu, akaona aibu.

Katika mafunzo yale alikuwapo Mnepali mmoja wa fizikia, Bishnu, ambaye meza yake iligusana na ya Tusajigwe. Bishnu akaisoma ile karatasi akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, huyu mama hakukuelewa! Hata kwetu walimu wanafanya hivyo. Yeye anadhani umesahau, kumbe unawaita waitikie."

Hakutumwa, lakini aliondoka pale moja kwa moja hadi ofisini kwa Bi Lorraine akamweleza. Bi Lorraine akaja mwenyewe, uso umemwiva.

"Nimeandika kitu kisicho kweli," akasema. "Lakini matokeo siyafuti. Mimi sikukuelewa, na wale tisa nao hawakukuelewa, na darasani utawakuta kama wale. Njoo Jumanne na Alhamisi, saa yangu ya chakula."

Akaenda. Wiki nne Bi Lorraine alikula mkate wake amesimama, akimfundisha: uliza swali zima, taja jina la mtu, ondoka ubaoni, kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi saba. Jamani, ile saba! Akifika tatu, miguu ya Tusajigwe ilianza kutembea yenyewe. Akifika nne, mdomo ulitaka kujibu swali lake mwenyewe. "Tulia," alisema Bi Lorraine. "Waache nao waone kimya ni kirefu." Wakarudia, na wakarudia.

Mara likaja jambo jingine. Orodha ya waliopangiwa madarasa ilikuwa inafungwa Ijumaa, na Tusajigwe alipangiwa kurudia jaribio Jumatatu inayofuata. Nafasi zote za kabla zilikuwa zimejaa. Alizunguka ofisi hadi ofisi, kila mlango ukamwambia samahani.

"Chukua Alhamisi yangu," akasema Bishnu, ambaye zamu yake ya jaribio ilikuwa bado. "Mimi nitafanya Jumatatu."

"Na wewe orodha yenu?"

"Fizikia hawana haraka."

Tusajigwe akaamini, kwa sababu alitaka kuamini.

Alhamisi ikafika. Wasahihishaji watatu, wanafunzi tisa. Tusajigwe akafanya kama alivyofundishwa: swali zima, jina la mtu, hesabu hadi saba. Wa kwanza akajibu kwa mnong'ono. Wa pili akasema hajui. Wa tatu akatikisa kichwa tu. Somo likapoa. Dakika ya nne mazoea yakamponyoka mdomoni: "Kwa hiyo huu tunauita mta…?"

Kimya kile kile! Alitaka kulimalizia neno, alitaka kuomba radhi, alitaka kutoka mbio. Akasimama. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.

"Mtawala!" ikatoka sauti nyuma.

Alikuwa Rochelle, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, dereva wa basi la shule aliyeanza chuo ukubwani. Watu wakaangua kicheko. Tusajigwe naye akacheka, maana angefanyaje?

"Umekaribia, Bi Rochelle. Lakini mtawala anakusanya watu. Hizi namba, moja imeenda huku, moja kule. Zime…?"

"Zimetawanyika," wakasema watatu.

"Kwa hiyo huu ni mta…?"

"Mtawanyiko!"

Wote tisa! Hata msahihishaji mmoja aliitikia, kisha akafumba mdomo haraka. Kuanzia hapo kila nusu neno lilipata nusu yake, kila swali zima likapata mikono juu, na muda ulipoisha hawakutaka kuinuka. Amefaulu, wakaandika, na jina lake likaingia kwenye orodha.

Mngedhani hadithi imekwisha. Chuo kile kilikuwa na utaratibu wake: aliyefaulu kwa kurudia haachiwi darasa peke yake muhula wa kwanza. Huchagua mwenzi wa darasa wa kumsaidia kufundisha, mtu mmoja tu, na chuo kinamwajiri huyo mtu muhula mzima. Jina lifike kwa karani Jumatano iliyofuata, kabla ya saa sita mchana.

Jumanne wakaja walioitaka nafasi hiyo, mmoja mmoja.

Akaja Bi Lorraine. "Kitengo changu kinafungwa mwaka huu," akasema. "Miaka ishirini nawafundisha watu kisha nawafungia mlango wa darasa nikiwa nje. Safari hii nataka kuingia. Nilikukosea, ndiyo. Nilirekebisha kwa saa zangu za chakula. Rochelle ndiye aliyejibu, lakini alijibia wapi? Ndani ya kile kimya. Hukukimbia kile kimya, na kunyamaza nilikufundisha mimi."

Tusajigwe akawaza: ni kweli. Ila ndiye aliyenisikia asinielewe, akaniangusha.

Akaja Bishnu. Huyu hakukaa, alisimama mlangoni. Jumatatu alikuwa amefaulu vizuri sana. Lakini orodha ya fizikia ilifungwa Ijumaa ile ile, na darasa halikubaki hata moja.

"Ulijua?" akauliza Tusajigwe.

"Nilijua, dada."

"Ukaniambia hawana haraka!"

"Ningekwambia ukweli, ungepokea? Mimi ndiye niliyekuelewa kabla ya mtu yeyote hapa," akasema Bishnu, "na Alhamisi ile ilikuwa yangu. Nikiwa mwenzi wako, nabaki. Nisipokuwa, nafunga begi."

Tusajigwe akawaza: ni kweli. Ila alinifanyia uamuzi bila kuniuliza, na sasa unanilemea.

Mwisho akaja Rochelle, funguo za basi mkononi.

"Nilijua jibu," akasema.

"Lipi?"

"Mtawanyiko. Hilo neno nimelikariri wiki nzima. Niliwaona wenzangu wanaogopa kukosea, nikakosea kwa niaba yao. Walinicheka, na nyumbani nilisikia uchungu, sikufichi. Mtu wa umri wangu kuchekwa kwenye hesabu ni kitu ninachokiogopa kuliko vyote. Nikipata nafasi hii nitaachana na basi, nisome kama wengine."

"Bi Rochelle, si mmekatazwa kumsaidia anayepimwa?"

"Tumekatazwa. Ukitaka kunisema, nenda kaseme."

Tusajigwe akawaza: ni kweli, yeye ndiye aliyelifungua darasa. Ila kama alinisaidia kwa kuvunja kanuni, je, nilifaulu kweli? Na swali hilo lilimuuma kuliko mengine yote.

Akampigia mama yake, na safari hii hakudanganya kitu. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nani kakufundisha kufundisha huko?"

"Wote, mama."

"Wote ni jibu la mtoto ambaye hakusoma swali," akasema mama. "Umeambiwa mmoja."

Jumatano Tusajigwe aliandika jina akalifuta. Akaandika la pili akalifuta. Akaandika la tatu, karatasi ikatoboka, akaomba nyingine. Alizunguka jengo lile mara nne. Saa sita kasoro dakika mbili alikuwa dirishani kwa karani na karatasi tupu. Kwenye benchi nyuma yake walikaa watatu, kila mmoja akitazama viatu vyake.

"Jina?" akasema karani, mkono tayari kwenye kibodi.

Mmoja alimwangusha, kisha akamfundisha kusimama. Mmoja alimpa siku yake, akabaki bila darasa. Mmoja alikubali kuchekwa ili yeye aitikiwe. Karani ameuliza mara ya pili, na dakika moja imeshapita. Haya, ninyi mliokaa mnanisikiliza, msimwachie yeye peke yake: nani alistahili?