Noti ya Kweli Haiogopi Jasho

Noti ya kweli haiogopi jasho. Mmeisikia leo asubuhi, wazee walipokuwa wanampokea mchumba wa Mwanahawa, yule kijana mwenye viatu vya kung'aa. Kila mtu alimsifu, ila babu yenu mdogo akasema, "Mpeni jembe kwanza twende naye shambani. Noti ya kweli haiogopi jasho." Wakubwa wakacheka, nyinyi mkabaki mnatazamana. Sasa mmenijia huku jikoni mnataka kujua noti na jembe vilikutana wapi. Haya, chukueni karanga hizo mzimenye, maana jikoni kwangu hakuna anayesikiliza huku amekunja mikono. Methali hii ilianza hivi.

Mjini Masasi alikuwepo kijana mmoja jina lake Mfaume. Alikuwa na kibanda cha stesheneri karibu na stendi, akitoa fotokopi, akipiga chapa barua za watu wanaotafuta kazi, na kutengeneza kadi za harusi. Miaka ile simu za kupapasa kwa kidole zilikuwa za wenye nacho tu, na yeye tayari alikuwa na printa ya rangi. Watu walikuwa wanaingia kuitazama tu ikitema karatasi. Mikono ya Mfaume ilikuwa na ufundi, na mdomo wake ulikuwa na ufundi zaidi. Hela alizopata zililipa kodi ya kibanda, zikanunua wino, na zilizobaki zikaishia kwenye soda alizowanunulia watu ili wamwite bosi.

Alikuwa na dada yake mkubwa, Somoe, aliyeolewa kijijini Chimbende. Mwaka huo mtoto wa Somoe, Chande, alipelekwa jandoni pamoja na wenzake. Mnajua mila ya kwetu kusini: mtoto ni wa mjomba. Baba hulisha na kuvisha, lakini siku wali, yaani watoto waliotahiriwa, wanapotoka jandoni, macho ya kijiji kizima humtafuta mjomba. Ndiye humbeba mtoto mabegani kutoka uwanjani mpaka mlangoni kwa mama yake. Na kabla ya kumbeba, humtuza. Hubandika noti kwenye paji la uso la mtoto, na kwa lile jua na ile ngoma, noti hunata yenyewe kwa jasho. Zikidondoka, kina mama huziokota na kuziweka kwenye ungo.

Somoe alipompigia simu kumpa habari ya siku hiyo, Mfaume alivimba kichwa.

"Dada, wewe tafuta ungo mkubwa," alisema. "Mwaka huu Chimbende watajua Chande ana mjomba. Nitambandika wekundu mpaka macho yasionekane!" Wekundu ndizo noti za elfu kumi, zile zenye tembo.

"Wewe njoo tu, mdogo wangu," Somoe alimjibu. "Ukija wewe imetosha."

Lakini mwenye kujisifu husikia sauti yake tu. Mfaume alikata simu, akafungua droo, akakuta mwekundu mmoja, na huo ulikuwa wa kodi. Kama angempigia tena dada yake akamwambia, "Dada, nimeishiwa," mambo yangeishia hapo, na mimi leo nisingekuwa na hadithi. Aliona haya. Alijiambia kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba kijiji kizima kitamcheka. Akautazama ule mwekundu. Akaitazama printa.

Alijitetea mwenyewe kabla hajashtakiwa na mtu. Siendi nazo dukani, aliwaza. Hizi ni za kutuza tu. Nani anakagua noti iliyobandikwa usoni mwa mtoto? Watu watakuwa wanapiga vigelegele, noti zitachanganyika kwenye ungo na za wajomba wengine, na hakuna atakayejua ipi imetoka kwa nani. Wazo likamvutia, akafunga mlango wa kibanda na kuanza kazi.

Na ilikuwa kazi kwelikweli, wajukuu zangu. Noti ya kwanza ilitoka nyeupe mno, ukiiona unajua ni karatasi ya daftari. Akachemsha chai ya rangi, akalowesha karatasi ndani yake, akazianika. Zikajikunja. Akazipiga pasi, mbili zikaungua. Alipopata karatasi ya kufaa, tembo wa mbele na picha za nyuma hazikukaa sawasawa, upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka. Ile picha iliyojificha ndani ya karatasi, inayoonekana ukiielekeza noti kwenye mwanga, aliichora kwa mafuta ya kula, ikatoka doa la chapati. Ule uzi unaong'aa aliuchora kwa kalamu ya fedha, mstari kwa mstari, mpaka shingo ikakakamaa. Akakumbuka kwamba kila noti ina namba yake, akakaa kuzibadilisha moja moja. Na baada ya yote hayo, akifumba macho na kupitisha kidole juu ya noti ya kweli aliyahisi maandishi yake yameinuka, na akipitisha juu ya zake alihisi karatasi ya pipi.

Wakati huohuo wateja walikuwa wanagonga mlango. Mwalimu alikuja na mitihani ya shule nzima ya kutolewa fotokopi. Familia mbili zilitaka kadi za harusi. "Printa ni mbovu!" Mfaume alijibu toka ndani, huku printa ikinguruma nyuma yake. Fedha halali ilikuwa inamgongea mlango, na yeye anaifukuza ili apate nafasi ya kutengeneza ya uongo. Wizi nao una kazi yake, tena hauna likizo.

Siku ya wali kutoka ilifika. Mfaume aliteremka Chimbende amevaa koti na viatu alivyovisugua vikang'aa, mfuko wa shati umetuna. Uwanja ulikuwa umejaa, ngoma zinaunguruma, na wali wameketi kwenye mkeka, wamenyolewa, wamevaa mashati meupe mapya. Nyuma yao alisimama Mzee Nakumbya, mlezi wa kambi ya jando, aliyekaa nao porini muda wote wakiuguza vidonda na kufundwa. Chande alipomwona mjomba wake alitabasamu mpaka wenzake wakamgeukia. Mtoto alikuwa amewaambia siku zote kambini kwamba mjomba wake ni mtu wa mjini, na kwamba lazima atakuja.

Mfaume akaingia uwanjani akicheza. Akatoa mwekundu wa kwanza, akauinua juu watu wauone, akaubandika kwenye paji la uso la Chande. Vigelegele! Akabandika wa pili, na wa tatu, na mwingine shavuni. Ngoma ikachangamka, mtoto akaanza kutikisa mabega kama alivyofundishwa, na jua lilikuwa limesimama utosini. Mfaume akasikia watu wanalitaja jina lake, akajiona amefika.

Ndipo Somoe akapiga ukelele, na haukuwa wa furaha.

"Damu! Mwanangu anatoka damu!"

Ngoma zikanyamaza. Kutoka chini ya zile noti kitu chekundu kilikuwa kinachuruzika, kikapita kwenye nyusi za Chande, kikafika mdomoni, kikadondokea kwenye shati jeupe. Mtoto alijipangusa, akaona kiganja chake, akaanza kulia. Wanawake waliruka kwenye mkeka. Noti zikadondoka mchangani, zikakanyagwa, na hakuna aliyezijali.

"Mmempiga kichwani!" mwanamume mmoja alifoka. Watu wote wanajua kwamba kambini fimbo hutembea. "Jeraha lilikuwa bichi, sasa limefumuka. Mzee Nakumbya, hivi ndivyo mnavyotutunzia watoto?"

"Sikumgusa kichwani mtoto huyu. Haki ya Mungu, sikumgusa," mzee alisema. Lakini vijana walikwishamzunguka. Mmoja akamkamata ukosi wa kanzu, mwingine akaokota mti.

Mfaume alitazama vidole vyake. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa vyekundu. Katika uwanja mzima ni yeye tu aliyejua kitu kile ni nini, na hakuna aliyekuwa anamtazama. Angeweza kutia mikono mfukoni na kukaa kimya. Mzee angepigwa, noti zingechanganyika na mchanga, na yeye angepanda gari la jioni akiwa bado bosi. Nawaambieni, aliitia kweli. Mikono ilikuwa mfukoni tayari pale ule mti ulipoinuliwa.

"Mwacheni!" alipiga kelele, akakimbia akajitia katikati yao. "Mwacheni mzee! Si damu! Ni wino. Ni wino wangu."

Akainyoosha mikono, wote wakaona vidole. Somoe alilowesha ncha ya kanga, akamfuta mtoto uso taratibu. Paji la uso lilikuwa zima, halina hata mchubuko. Kisha akainama, akaokota noti moja mchangani. Tembo alikuwa ameyeyuka.

"Mfaume, hizi ni nini?"

"Nimezitengeneza mwenyewe, dada. Sikuwa na hela."

Somoe aliigeuza ile noti mkononi. Alipoanza kusema, sauti yake haikupanda.

"Hizi zingeingia kwenye ungo wangu. Kesho ningekwenda nazo dukani kununua unga na sare ya Chande. Ningekamatwa mimi, mdogo wangu. Ungekuja kunitazama gerezani umevaa hivyo viatu?"

"Sikuwaza mpaka huko, dada. Wallahi sikuwaza."

"Mimi nilikuomba hela? Nilikwambia uje. Neno hilo lilikuwa gumu wapi?"

Mfaume alilia mbele za watu, mwanamume mzima, wala hakujificha uso. Akamwendea Mzee Nakumbya, akapiga magoti na kumwomba radhi. Mzee aliendelea kutengeneza ukosi wake uliochanika. Mwenyekiti wa kijiji alizikusanya zile noti zote, pamoja na zilizobaki mfukoni, akabakiza mbili za ushahidi na kuzitia moto nyingine palepale. "Kesho asubuhi mimi na wewe tutakwenda kituo cha polisi," alimwambia, "na utaeleza mwenyewe, kwa mdomo wako huohuo." Na kweli walikwenda. Mfaume alilala mahabusu, alifikishwa mbele ya hakimu, na alifanya usafi wa hospitali kwa miezi kadhaa kama adhabu yake, kabla hajaruhusiwa kurudi kwenye fotokopi zake. Lakini hayo ni ya kesho. Siku ile kulikuwa bado na mtoto wa kubebwa.

Wajomba wengine walikuwa wameshawainua wali wao. Baba mdogo wa Chande alijitokeza, akachuchumaa mbele ya mtoto ili kuokoa siku. Chande, macho yangali mekundu kwa wino na kwa kulia, hakusogea.

"Mimi nina mjomba," alisema.

Watu wakamtazama Somoe. Somoe akamtazama mdogo wake kwa muda, kisha akatikisa kichwa kukubali. Mfaume akavua koti, akavua vile viatu, akaviacha hapohapo uwanjani. Akachuchumaa, na mtoto akapanda mabegani.

Kutoka uwanjani mpaka kwa Somoe ni kupanda kilima, na njia yote ni mchanga. Chande naye hakuwa mwepesi. Ugali wa kambini ulikuwa umemkaa vizuri. Wapiga ngoma walisitasita, mmoja akaanza kidogokidogo, wengine wakamfuata. Mfaume alipanda. Jasho lilimtoka usoni na mgongoni, shati likamganda. Katikati ya kilima mwendo ukapungua, baba mdogo akamsogelea ampokee. Mila inaruhusu. Mfaume alikataa kwa kichwa, akaendelea. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa yule mtoto, na hicho alichokuwa nacho alikitoa chote.

Karibu na kilele Mzee Nakumbya alimpita, akasimama mbele yake na kumzuia njia. Msafara wote ukasimama. Watu walidhani sasa mzee atamlipa yale ya ukosi. Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya mia tano iliyokunjwa mara nne, akaikunjua, akambandika Mfaume kwenye paji la uso.

Ilinata papo hapo. Jasho lilipita juu yake na chini yake, likamchuruzika Mfaume mpaka kidevuni, na watu walisogea kutazama. Lilikuwa jasho jeupe. Noti ilikuwa imelowa chapachapa, na rangi yake iko palepale.

"Mzee wangu, unanituza mimi?" Mfaume alisema huku anahema. "Leo nimeonekana kuwa bandia mbele ya watu wote."

"Bandia angetia mikono mfukoni akaniacha nipigwe," Mzee Nakumbya alimjibu. "Wewe uliitia, nilikuona. Kisha ukaitoa. Haya, pandisha mtoto, mama yake anamngoja. Noti ya kweli haiogopi jasho."