Nyati wa Bwana Senkoro Wanaoga Wapi?

Bwana Senkoro alipoleta nyati wa maziwa, wale wa kufugwa, aliugeuza mfereji wote wa maji uliokuwa ukiteremka bondeni uingie kwenye mahindi yake. Jirani yake wa bondeni, mjane aitwaye Namkunda, aliona mpunga wake unaanza kunyauka, akamfuata.

“Nataka kupanua shamba,” Senkoro alisema hata kabla ya salamu. “Niuzie lako, upumzike.”

“Nitafikiria, kaka. Kwanza hongera kwa nyati. Wanaoga wapi?”

“Kwani nyati anaoga?”

“Asipogaagaa majini mchana, joto humtesa na maziwa hukauka.”

Kweli, maziwa yalikuwa yameanza kupungua. “Nikichimba dimbwi kwangu, nitaharibu mahindi,” alilalamika Senkoro.

“Basi chimba kwangu, pale kona ya juu. Shamba lenyewe limeshanishinda. Sitakudai kitu.”

Senkoro alicheka moyoni. Alichimba dimbwi, akalifungulia maji, nyati wakajitosa mpaka puani. Maziwa yakarudi.

Msimu ulipokwisha alishuka bondeni kumalizia habari ya shamba, akakuta mpunga umeinama kwa uzito wa masuke. Kumbe kila nyati walipojitosa, dimbwi lilifurika na kumwaga maji yenye samadi kwenye majaruba ya mpunga.

“Namkunda, unaniibia maji!”

“Mimi? Naokota tu waliyokwisha kuogea nyati wako. Ukitaka, yafunge.”

Senkoro aliinua jembe, akawatazama nyati wake, akalishusha taratibu.

“Na majani ya mpunga,” aliuliza kwa unyonge, “utamuuzia nani?”

“Wewe, kaka. Hapa kuna mwingine mwenye nyati?”