Jiko la Mbaruku

Hapo zamani, watu wa Chamvini walipokuwa bado wanaona aibu kujisemea, kulikuwa na muuza chumvi aitwaye Mbaruku. Kila siku ya gulio alikaa jirani na Mkunde, binti wa mfinyanzi wa ng'ambo ya mto. Mkunde alikuwa amejifunza Kiswahili hapo hapo kwenye kuuza vyungu, na chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wenu mnaonisikiliza. Wakazungumza, wakapendana. Mkunde akamwambia, "Njoo unipose kabla mtama haujavunwa. Ukikawia, baba ataniozesha kwa Sempombe, mzee mwenye wake wawili, na mimi simtaki."

Mbaruku angeweza kuvuka siku ile ile. Maji yenyewe ya magotini. Lakini thubutu, mwanamume wa Chamvini hajiposei. Akamtuma mshenga, Mzee Shee, mtu ambaye hata akiomba maji ya kunywa huzunguka mpaka koo limkauke. Na kwa kuwa baba yake Mkunde, Mzee Senkondo, hakujua Kiswahili, akamwongezea mkalimani, Chambega, aliyejisifu kwamba tangu azaliwe hajaongeza neno la mtu wala kulipunguza.

Wakafika, wakakaribishwa. Mzee Shee akakohoa. "Kijana wetu hana jiko. Tumesikia kwako lipo. Tumekuja kuliomba."

Mnajua kwetu kupata jiko ni kuoa. Chambega naye alijua. Akafasiri jiko kwa jiko, udongo mtupu.

Mzee Senkondo akafurahi, maana majiko ndiyo kazi yake. "Analitaka kubwa au dogo?"

Mzee Shee akadhani anaulizwa habari za mabinti. "Lile analoliona gulioni. Na liwe halijawashwa na mtu."

"Mimi sitoi lililotumika," akasema Senkondo. Akaingia ndani, akatoka na jiko la udongo, zuri kweli, limefungwa kwa majani ya mgomba. "Mpelekeeni. Zawadi."

Nyuma ya mlango Mkunde alikuwa anazisikia lugha zote mbili. Akajiziba mdomo kwa upindo wa nguo. Mwari hasemi neno kwenye posa yake mwenyewe, ndiyo mila, naye akaifuata.

Mzee Shee aliuliza maana ya lile jiko? Hakuuliza. Mshenga akiuliza ataonekana hajui kazi. Akalibeba, akarudi nalo, akamwambia Mbaruku, "Wamekukataa, na tusi lenyewe hili hapa." Mbaruku akaenda kulipasua mtoni, mbele ya wanawake wa ng'ambo waliokuwa wakichota maji. Kabla jua halijazama Senkondo alishapata habari kwamba zawadi yake imevunjwa. Akaapa mtu wa Chamvini hatakanyaga kwake.

Ikabidi aitwe mpatanishi, Bi Zaituni. Huyu alikuwa na akili, na hiyo akili ndiyo inayonichefua. Siku ya kwanza tu alielewa kosa liko wapi. Lakini ugomvi ukiisha kwa siku moja, mpatanishi ale nini? Akakaa ng'ambo siku tatu, akachinjiwa kuku. Akarudi Chamvini, akachinjiwa. Akaenda tena, akarudi tena. Aliposhiba ndipo akatamka, "Jamani, kumbe jiko lilikuwa mke." Wakati huo mtama uko ghalani, na Mkunde yuko kwa Sempombe.

Gulio lililofuata Mkunde akaja na vyungu vyake, macho yamemvimba. Akawakuta wote wanne.

"Mimi nilisema kwa heshima," akasema Mzee Shee. "Ulitaka nikuombe kama anayenunua mbuzi?"

"Mimi niliitwa kuvusha maneno," akasema Chambega. "Maana yake wanajua wenyewe."

"Mimi nimewapatanisha," akasema Bi Zaituni. "Leo baba yako na watu wa Chamvini si wanasalimiana?"

Mbaruku alikuwa anatazama chumvi yake. "Mimi nilifuata mila. Na wewe ulikuwa unasikia, Mkunde, ukanyamaza."

"Nilinyamaza," akasema Mkunde, "na nalilia hilo kila siku. Lakini lugha yenu nimeisoma hapa hapa gulioni. Mshenga huunganisha nyumba. Mkalimani huwafanya watu waelewane. Mpatanishi humaliza ugomvi. Majina hayo mmejivika, na mimi nimefikishwa kwenye kitanda cha mzee nisiyemtaka. Anayemfikisha mwanamke huko kwenu mnamwita kuwadi. Jina hilo nimekuja nalo leo. Ni moja tu, na sijui nimpe nani."

Haya, nyinyi mliokuwa mnacheka. Aliyepamba maneno, aliyeyafasiri, aliyeshibia ugomvi, au aliyetuma watu wamvukie maji ya magotini: je, nani alistahili jina lile? Nijibuni wenyewe. Msinitumie mtu.